Mwanafunzi Kuhama Msimu Ukiwa Katikati

Mwezi wa Septemba 2024 Matthew Sluka, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu ya Chuo Kikuu cha Nevada kilichoko Las Vegas, alitangaza kwamba hataichezea tena. Mchezo wenyewe ni ule ambao Wamarekani huuita mpira wa miguu ijapokuwa unachezwa zaidi kwa mikono. Timu ilikuwa imekwisha kucheza mechi tatu na kushinda zote. Upande wake ulidai kuwa aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hakulipwa. Chuo kikajibu kwamba madai hayo yanavunja kanuni. Kwa kuwa hakuwa amezidisha mechi nne, aliruhusiwa kuubakiza mwaka wake wa kucheza na kwenda kuutumia katika chuo kingine.

Zamani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mchezaji wa mchezo huo, au wa mpira wa kikapu, akihama chuo aghalabu alikaa mwaka mzima bila ya kucheza. Mwaka 2021 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilimruhusu kila mchezaji kuhama mara moja bila ya adhabu hiyo. Aprili 2024, baada ya kushitakiwa na majimbo kadhaa, kikaondoa hata ukomo wa idadi, mradi masomo ya anayehama yawe sawa.

Sisi tunaona kwamba kuhama ni haki ya mwanafunzi, lakini wakati wake ni msimu unapokwisha. Anayeondoka katikati huwaacha wenzake waliojiandaa wakimtegemea, na masomo yake huyaacha nusu; wala si kila somo alilofaulu katika chuo cha kwanza litahesabiwa katika cha pili. Tutaambiwa kwamba hata kwetu lipo dirisha dogo. Ni kweli, lakini mchezaji wa klabu ni mtu wa mkataba na mshahara, hana mtihani unaomngoja.

Hata hivyo hatukubali kijana atwikwe lawama yote. Desemba 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Marshall ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Mara kocha akaenda chuo kingine, wachezaji zaidi ya 20 wakaomba kuhama, na timu ikajitoa katika mechi yake ya kufungia mwaka kwa uhaba wa watu. Nani aliyetangulia kuondoka? Novemba 2025 Lane Kiffin naye aliiacha timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, iliyoshinda mechi 11 na kufungwa moja, ikiwa mlangoni mwa mashindano ya ubingwa wa taifa, akaenda Louisiana State. Kanuni ya kumfunga mwanafunzi wa miaka 19 na kumwachia huru mkubwa wake anayelipwa mamilioni, sisi hatuwezi kuiita ya haki.

Wala jambo hili haliko mbali nasi kama linavyodhaniwa. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliichezea Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009, na vijana wetu wa Visiwani wenye kimo na mbio wana kila sababu ya kuitamani njia hiyo. Lakini ruhusa ya mwanafunzi mgeni kukaa Marekani imefungamana na chuo alichoandikishwa. Akitoka kimoja kabla ya kupokelewa na kingine, kilicho hatarini si nafasi yake uwanjani tu.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa wizara zinazohusika na elimu na michezo kwamba, kijana anapoletewa barua ya kuitwa na chuo cha ng'ambo, barua hiyo isomwe na mtu anayejua kabla haijatiwa saini. Iulizwe ada italipwa kwa miaka mingapi, akiumia itakuwaje, na kocha aliyemwita akiondoka ni nani atakayeitimiza ahadi. Na lolote aliloambiwa kwa simu, aandikiwe.