«Ni ya mnada»: tuombe karatasi kwanza

Ukitoka Mongbwalu na pesa ya zahabu, Bunia hatukosi mtu wa kukuambia: «Pikipiki hii ni ya mnada, bei ndogo.» Tusilipe mbio. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria yake iko wazi. Kitu kilichokamatwa sababu ya deni, mnada wake unatangazwa mbele: mahali, siku na saa. Bei inaitwa mara tatu, mwenye kutoa nyingi anakipata, na analipa palepale. Akishindwa, kinauzwa tena, na bei ikishuka, yeye ndiye anajaza pengo. Mwisho, procès-verbal inaandika kitu kilichouzwa, bei na jina la mnunuzi. Tuisome, tulinganishe na namba ya shasi. Bila hiyo, jasho la shimoni linaweza kuishia polisi.