Injini ya mtumba yahitaji kukaguliwa kabla ya kulipiwa

MMILIKI wa Land Rover kuukuu mtaani Kiwanjani, Isiolo, anayenuia kulitia gari hilo injini ya mtumba hana budi kuikagua kwanza. Ikizimika katika safari ya takriban kilomita 260 hadi Marsabit, hasara huenda ikazidi bei yake.

Oili yenye rangi ya maziwa ni ishara kuwa maji yamepenya. Fundi apime mgandamizo katika kila silinda: iliyo chini mno kuliko nyingine huashiria ringi au vali zilizochakaa, ama gasketi iliyopasuka. Injini ikiwashwa, moshi wa samawati huonyesha kwamba inaunguza oili.

Hatimaye, nambari ya injini ilingane na stakabadhi za muuzaji. Sheria ya Kenya humtaka mwenye gari kuarifu mamlaka ya usajili, NTSA, abadilishapo injini. Iliyofutwa nambari ni heri kuiacha.