Unamfundisha mtoto nchi za dunia nyumbani? Anzia ziwani

Mwanza. Mtoto wa dada yangu ana miaka saba na anaishi na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Muhula uliopita alikosa shule siku nyingi. Maumivu yakipungua hataki tena kulala, ila mwili unakuwa bado hauna nguvu ya kwenda darasani. Siku hizo anabaki nyumbani, na mimi, mama yake mdogo, nisipokuwa kazini ndiye mwalimu wake.

Kusoma, kuandika na kuhesabu hakutusumbui, maana mwalimu wake hututumia kazi wanazofanya wenzake. Lakini alipoomba tusome “nchi za watu wengine”, hapakuwa na daftari la kufuata. Ilibidi nichague nchi mwenyewe, na nilianza vibaya.

Nilibandika ramani ya dunia sebuleni, nikaanza na nchi nilizoona ni kubwa: Marekani, China, Uingereza, Japani. Kila siku nchi moja, mji mkuu, bendera na picha mbili tatu kwenye simu. Baada ya wiki mbili alikuwa akitaja miji mikuu bila kukosea. Nikamwuliza watu wa Japani wanaishije. Akajibu, “Wana bendera nyeupe yenye duara jekundu.” Hakuwa na kingine cha kusema.

Kisha akauliza swali lake: “Mama mdogo, na huko kuna watoto wanaoumwa kama mimi, au ni mimi tu?”

Swali hilo lilinifanya niifute orodha yote na kuanza upya. Kwa mzazi ambaye mtoto wake yuko nyumbani kwa ugonjwa, kwa likizo au kwa sababu nyingine, haya ndiyo niliyojifunza.

Anza na kile anachokigusa

Mtoto wa miaka sita au saba haelewi umbali wa kilomita 10,000, lakini anaelewa dagaa walio kwenye sahani yake. Kwa hiyo tulianza na dagaa.

Siku aliyokuwa na nafuu tulikwenda Mwaloni, Kirumba, ambako wafanyabiashara wa nchi jirani huja kununua samaki. Nikamweleza kwamba dagaa hawa hawa Kenya wanaitwa omena, na Uganda wanaitwa mukene. Samaki mmoja, ziwa moja, majina matatu. Tuliporudi nyumbani alichora ziwa na kuligawa: karibu nusu ni ya Tanzania, sehemu kubwa inayofuata ni ya Uganda, na kipande kidogo ni cha Kenya.

Hata ziwa lenyewe lina majina. Wasukuma wanaliita Nyanza, Waganda Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Jina la Victoria lilitolewa na Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Mwanza mwaka 1858, kwa heshima ya malkia wake. Mtoto alitaka kujua kwa nini mgeni alilipa jina kitu ambacho tayari kilikuwa na jina. Sikumpa jibu refu, lakini nilifurahi kwamba ameuliza.

Fuata uzi mmoja hadi mbali

Baada ya majirani, chagua nchi ya mbali iliyofungamana na nyumbani kwa kitu kimoja. Sisi tulifuata maji. Yanatoka ziwani kule Jinja, Uganda, yanapita Sudan Kusini na Sudan, yanafika Misri na kuingia bahari ya Mediterania. Mto Nile una urefu wa zaidi ya kilomita 6,600. Mtoto aliufuata kwa kidole kwenye ramani, na kutoka siku hiyo Misri kwake si mapiramidi tu. Ni nchi ambayo watu wake wanalimia maji yaliyopita kwetu.

Kwa India tulifuata chapati. Neno lenyewe limetoka huko, sawa na gari na laki. Tulikanda unga pamoja, na wakati chapati zikiiva tukazungumza kuhusu watu waliovuka bahari kuja Afrika Mashariki, ambao wajukuu wao tunaishi nao hapa Mwanza.

Jibu swali ambalo mtoto anaogopa

Kila familia ina swali lake. Huenda mtoto wako ni mfupi kuliko wenzake, anaongea kwa kigugumizi au analelewa na bibi. Dunia ina watoto kama yeye, na uchaguzi wa nchi unaweza kumwonyesha hivyo.

Kwetu swali lilikuwa selimundu. Nilimwonyesha Nigeria, nchi inayoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kisha Kongo, India na Tanzania yetu, ambazo nazo zimo kwenye orodha ya zenye watoto wengi. Ugonjwa uko Arabuni, na uko hata Ugiriki.

Sababu yake inaelezeka kwa lugha nyepesi. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Anayerithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kilienea zaidi sehemu ambazo malaria ilitesa watu kwa vizazi vingi. Si laana na si kosa la mtu. Wazazi wenye kinasaba hicho wote wawili, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa.

Alikaa kimya akiitazama ramani, kisha akachukua kalamu akaweka nukta kwenye kila nchi tuliyoitaja. Ya mwisho aliiweka Mwanza.

Mwachie nchi moja achague mwenyewe

Yeye alichagua Brazil kwa sababu ya mpira. Nilidhani tungeishia kutaja majina ya wachezaji, lakini tulikuta kwamba mihogo tunayokula asili yake ni Amerika ya Kusini. Tulikuta pia kwamba Waafrika wengi walipelekwa Brazil kwa nguvu kama watumwa, na selimundu ikafika huko pamoja nao. Leo watoto wachanga wa Brazil hupimwa ugonjwa huo wanapozaliwa. Nukta nyingine ikaongezeka.

Nchi chache, maswali yale yale

Nchi tano au sita kwa mwaka zinatosha. Kwa kila nchi uliza maswali yale yale: Watoto wanasalimiaje wakubwa? Asubuhi wanakula nini? Wanacheza mchezo gani? Maji wanayapata wapi? Wakiumwa wanapelekwa wapi?

Maswali haya humzuia mtoto kudhani kwamba nchi ni bendera na vazi moja la sherehe. Mkumbushe pia kwamba Brazil kuna watu wa mjini na wa kijijini, kama ilivyo Mwanza na Magu. Na usisahau kwenu. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yanaweza kuwa somo la kwanza kabla ya nchi yoyote.

Kwa mzazi wa mtoto anayeumwa

Masomo haya hayachukui nafasi ya shule. Zungumza na mwalimu mapema ili mtoto akirudi asijikute ameachwa. Kama ana selimundu, anywe maji mara kwa mara, akae mahali penye joto, asikose kliniki wala dawa alizoandikiwa. Maumivu yakianza, funga daftari. Akipata homa, usisubiri kesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa maambukizi kwa mtoto mwenye selimundu yanaweza kuwa ya hatari haraka.

Wiki hii wetu amerudi darasani. Ramani bado iko sebuleni na nukta zake. Dada yangu aliniambia kwamba juzi mtoto wa jirani aliuliza nukta hizo ni za nini, na mwanetu akamjibu, “Ni wenzangu.”