Namna ya Kumtambua Kambale Dume na Jike Kabla ya Kuzalisha Vifaranga

Mfugaji wa Sumbawanga anayekusudia kuzalisha vifaranga vya kambale anapaswa kwanza kujua mambo mawili: samaki aliye naye ni wa aina gani, na ni dume au jike. Kukosea kuna gharama, kwa kuwa ili kupata mbegu za kiume, wazalishaji kwa kawaida humpasua dume na kutoa korodani zake. Samaki aliyepasuliwa kimakosa harudi bwawani.

Bonde la Ziwa Rukwa lina samaki wa aina kadhaa wenye sharubu. Kambale ana sharubu nane, kichwa bapa kigumu, na pezi refu la mgongoni lisilo na mwiba, linalofika karibu na mkia. Ngogo, ambaye spishi yake moja, Synodontis rukwaensis, imepewa jina la ziwa hilo, ana sharubu sita, nazo za chini zina matawi. Ana pia mwiba mkali mgongoni. Katika mito yenye mawe huishi samaki wadogo wa jenasi ya Chiloglanis, ambao mdomo wao uko upande wa chini na hunasa kwenye mawe. Samaki hao, hata wakiwa na urefu wa kidole, si vifaranga vya kambale.

Ili kutambua jinsia ya kambale aliyekomaa, mlaze chali juu ya kitambaa kilicholowa maji, kisha tazama karibu na tundu la haja. Dume ana kinyama kirefu kilichochongoka kuelekea mkiani. Jike ana kinyama kifupi cha mviringo. Tumbo kubwa pekee si kigezo, kwani hata dume aliyeshiba hutuna. Tumbo la jike aliye tayari huwa laini, na likibonyezwa taratibu hutoa mayai. Jinsia ya vifaranga wadogo haitambuliki kwa macho. Hivyo mnunuzi asilipie ahadi ya kuuziwa majike matupu.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko takriban mita 800. Mayai ya kambale huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi katika maji ya nyuzijoto 28 za Selsiasi. Maji yakiwa baridi, huchelewa. Dume asipasuliwe kabla ya maji kuandaliwa.

Uvuvi na ufugaji wa samaki nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mwananchi anayetaka kuhamisha samaki hai kutoka ziwani au mtoni kwenda bwawani awasiliane kwanza na ofisa uvuvi wa halmashauri yake.