Zawadi Zisizouzwa Dukani: Desemba Katika Jamii ya Keumbu

Desemba inapofika, magari ya kutoka Nairobi huwashusha abiria Keumbu, soko lililo kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, wakiwa na mikate, sukari, mafuta ya kupikia na leso, kwa maana aliyefanya kazi mjini hatarajiwi kurudi nyumbani mikono mitupu. Vitu hivyo vinahitajika wala havistahili kudharauliwa. Hata hivyo, Abagusii, wenyeji wa eneo hilo ambao pia huitwa Wakisii, wana zawadi nyingine zinazogharimu ujuzi na muda zaidi kuliko fedha, nazo zinastahili nafasi kubwa zaidi katika sikukuu.

Ipo ekee, kikapu kinachosukwa kwa mabua ya wimbi ili kuandalia obokima, yaani ugali. Ipo pia chinsaga, mboga ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani na ambayo, kwa kuwa ni chungu, hupikwa kwa muda mrefu, hutiwa maziwa na aghalabu hulazwa kabla ya kupashwa tena, hivi kwamba mgeni anayeandaliwa mboga hiyo hupewa subira ya mpishi pamoja na chakula.

Zawadi ya nguvu za mwili inaeleweka vyema kupitia risaga, ushirika wa majirani waliokuwa wakikusanyika kulima, kupalilia au kuvuna shamba la mmoja wao bila ujira, mwenye shamba akiwaandalia chakula na kinywaji, kisha zamu ikamfikia mwingine. Kijana wa mjini anayeshika jembe katika shamba la magokoro, yaani nyanya yake, kabla ya upanzi wa mwanzo wa mwaka, humpunguzia mzigo ambao leso mpya haiugusi.

Lakini zawadi iliyo adimu kuliko zote ni mazungumzo, na sababu yake imo katika mpangilio wa jamii yenyewe. Uhusiano wa wazazi na watoto huongozwa na chinsoni, kanuni za staha zinazowazuia kuzungumza waziwazi mambo ya mwili na ndoa, na ambazo kwa desturi humkataza baba kuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Babu na nyanya, kinyume chake, wana uhuru wa kutaniana na wajukuu, na kwa sababu hiyo wao ndio waliokuwa wasimulizi wa emegano, yaani ngano za jioni, na walimu wa mambo ambayo mzazi asingeyatamka. Mtoto aliyelelewa Nairobi kwa Kiswahili na Kiingereza huukosa mlango huo wa ngano na mafunzo mwaka mzima, hata kama wazazi wake hutuma fedha nyumbani kila mwezi kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya mwaka wa 2007. Anapoketi jikoni kwa magokoro, akauliza maana ya maneno ya Ekegusii, lugha ya Abagusii, asiyoyaelewa na kuomba ruhusa ya kuirekodi ngano kwa simu, naye huwa anatoa zawadi, kwa kuwa msimulizi asiye na msikilizaji hulazimika kunyamaza na ngano zake.