Matone mapya ya polio hayatoshi bila kumfikia kila mtoto

Machi 2023 watoto saba waliopooza, sita wa Kongo na mmoja wa Burundi, walikutwa na kirusi cha polio cha aina ya pili. Chanzo chake kilikuwa chanjo mpya ya matone, ile ile iliyobuniwa ili kuzuia jambo hilo.

Matone ya zamani hubeba kirusi hai kilichopunguzwa makali, ambacho mtoto aliyechanjwa hukitoa kwa njia ya haja kubwa. Penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi hicho huzunguka kwa miezi kikibadilika, hadi kinapata tena uwezo wa kupoozesha. Polio ya asili ya aina ya pili ilionekana mara ya mwisho mwaka 1999, lakini jamaa yake huyu wa chanjo ameendelea kulemaza watoto Afrika.

Watafiti, wakiwemo Andrew Macadam wa Uingereza na Raul Andino wa Marekani, walivipanga upya vinasaba vya kirusi hicho cha chanjo ili kupata matone mapya. Sehemu inayokidhoofisha kirusi ilisukwa upya ili badiliko moja dogo lisitoshe kurudisha makali. Kipande ambacho kirusi hakiwezi kuzaliana bila hicho kilihamishiwa jirani na sehemu hiyo, ili kuitupa moja kuwe kuipoteza nyingine. Kimeng'enya kinachonakili vinasaba nacho kilirekebishwa kipunguze makosa.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya dharura ya chanjo hiyo mpya Novemba 2020. Kufikia Machi 2023, dozi zipatazo milioni 600 zilikuwa zimetolewa katika nchi 28. Ukilinganisha na idadi hiyo, watoto saba ni wachache mno, na kazi ya maabara inastahili heshima. Desemba 2023 chanjo hiyo ikapata ithibati kamili ya shirika hilo.

Hata hivyo, kirusi kigumu kubadilika bado hubadilika kikipewa muda, na muda huo hukipata kwa watoto tuliowaruka. Mwaka huo huo polio ya aina hii ilithibitishwa mkoani Rukwa, na Tanzania ikachanja watoto nyumba kwa nyumba katika mikoa ya magharibi. Virusi havisimami mpakani, hivyo Kongo, Burundi na Tanzania lazima zichanje kwa pamoja na kwa haraka, zikianza na vijiji ambavyo wachanjaji huvifikia mwisho.