Chakula cha sungura hakimtoshi simbilisi

Mwanao amekuja nyumbani na simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia. Kwa kuwa anafanana na sungura, ukamnunulia chakula cha sungura. Akala vizuri. Wiki chache baadaye anachechemea, manyoya yamemsimama na akiguswa mguu analia. Hajaanguka, huenda ameshikwa na kiseyeye.

Sungura hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi. Sharti aipate kwenye chakula kila siku. Hapa ndipo sukuma wiki yetu inapofaa: jani moja bichi na kipande cha pilipili hoho, au dania kidogo. Usimpikie, moto huharibu vitamini hiyo.

Lakini usimshindilie. Spinachi nyingi yaweza kumletea mawe kwenye kibofu, na kabichi humjaza gesi. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata ni sumu. Chakula chake hasa ni nyasi, mchana na usiku, kwani meno yake hayakomi kukua na nyasi ndizo huyapunguza.

Aliyekwisha kuanza kuchechemea apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.